Ulizeni Kabla ya Kuchoma Sindano

Wanangu wauguzi,

Malalamiko yenu yananifikia kwenye simu hata huku Guangzhou, Uchina, nilikomsindikiza ndugu yangu kutibiwa. Mmoja kafokewa na daktari mbele ya wagonjwa. Mwengine wodi nzima ya usiku ni yeye na mwanafunzi. Wa tatu kaniuliza: "Bibi, kazi hii ina nini zaidi ya kutumwa?" Mimi nimestaafu, miguu inauma na sauti ya kugomba sina tena. Nitasema taratibu, mwenye kutaka achukue.

Kutumwa kupo. Lakini baina ya agizo la daktari na mwili wa mgonjwa umesimama wewe, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Daktari anaandika, mfamasia anatoa, na anayechoma ni wewe. Likiwepo kosa, wa mwisho anayeweza kulizuia ni wewe.

Wauguzi wa Kichina hufundishwa kanuni wanayoiita ukaguzi wa mara tatu na ulinganishaji wa mambo saba. Unakagua kabla ya kutoa dawa, unapotoa, na ukishatoa. Unalinganisha kitanda, jina, dawa, kipimo, ukali wa mchanganyiko, saa na njia ya kuitoa. Nanyi mlifundishwa yenu chuoni: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo, njia na wakati. Mkayaandika kwenye mtihani, mkafaulu, kisha mkayaacha kwenye daftari. Kumbukeni kwamba kichupa cha potasiamu kinaweza kufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa, na potasiamu ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Saa kumi za usiku macho yamejaa mchanga, huwezi kutegemea kwamba mkono unajua njia. Soma lebo. Isome tena.

Mtaniambia: wenzetu huko wana mashine. Ni kweli, wodini hapa mgonjwa huvaa utepe wa mkononi na muuguzi huusoma kwa kifaa kabla ya kutoa dawa. Lakini kifaa kinajua utepe tu. Hakijui kwamba mkono umevimba pale dripu inapoingilia, wala kwamba jana mgonjwa alikwambia dawa hii ilimwasha mwili mzima.

Fikirieni mtaa wa Xiaobei hapa Guangzhou, wanakofikia wafanyabiashara wetu wengi. Mtu katoka Kariakoo kufuata mzigo, presha imempanda, kakimbizwa hospitali. Muuguzi anasema Kikantoni na bibi wa kitanda cha pili, Kichina cha taifa na daktari, na huyu mgeni anasema naye kwa programu ya simu. "Wewe ni Salum?" Anaitikia kwa kichwa. Angeulizwa kama ni Hamisi angeitikia vilevile, kwa adabu na kwa hofu. Basi msimtajie mgonjwa jina, mwacheni ajitaje mwenyewe: jina lako nani, umezaliwa mwaka gani? Kisha subirini jibu. Na hili halihitaji safari ya Uchina. Wodi zetu za Unguja hazikosi Fatma Juma wawili, na wote wataitika. Mkipata shida ya lugha, tafuteni mtu mzima wa kutafsiri. Msimtumie mtoto amfasirie mama yake habari za damu na uzazi.

Sasa daktari anayefoka. Uchina ina kanuni za wauguzi zilizoanza kutumika tarehe 12 Mei 2008, Siku ya Wauguzi Duniani. Zinasema muuguzi akiona hali ya mgonjwa ni mbaya amwite daktari mara moja, na ikiwa ni dharura ya kuokoa maisha aanze mwenyewe huduma ya lazima. Tena zinasema akiona agizo la daktari linakiuka sheria au taratibu za tiba, amwambie daktari huyohuyo aliyeliandika, na ikibidi apeleke habari kwa mkuu wa idara yake au kwa msimamizi wa tiba hospitalini. Angalieni basi: hata katika nchi inayoheshimu cheo kama hii, kuuliza kumewekwa kuwa wajibu wa muuguzi.

Lakini kuuliza kuna adabu yake, na adabu hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Ukimpigia daktari usiku ukasema "hali si nzuri," umempa ruhusa ya kurudi kulala. Sema hivi: "Daktari, kitanda cha sita, presha 84 kwa 50, mkojo haujatoka tangu saa mbili, na dawa ya kushusha presha imeandikwa apewe sasa. Sijampa. Naomba uje umwone." Umeona nini, unahofia nini, unaomba nini. Akiwepo wodini, usiseme mbele ya mgonjwa, msogeze daktari pembeni. Akitoa agizo kwa mdomo katika dharura, lirudie kwa sauti akusikie, na baadaye liandikwe. Akifoka, mwache amalize, kisha urudie palepale: "Presha ni 84, daktari." Asipokuja, mpigie aliye juu yake, na uandike saa uliyopiga. Fedheha ya kufokewa inakwisha asubuhi. Maiti hairudi.

Na wewe uliye peke yako usiku, sikudanganyi kwamba utawaona wote sawasawa. Wachina wamepanga uangalizi kwa madaraja: mgonjwa wa daraja la kwanza huzungukiwa kila saa, wa pili kila saa mbili, wa tatu kila saa tatu, na walio mahututi hasa huangaliwa muda wote. Sisi idadi yetu haituruhusu kufuata kila kitu, lakini kuchagua nani aanze tunaweza. Anza na aliyenyamaza. Anayepiga kelele ana pumzi. Zamu ipokeeni kando ya kitanda, msiipokee mezani kwenye chai, na mwenzako anayetoka muulize swali moja: nani anakutia wasiwasi? Jibu lake mara nyingi halimo kwenye faili.

Kuna jambo jengine linalofanana kwetu na kwao: jamaa wanaokuvuta mkono kwenye ukumbi wakikuomba mgonjwa asijue kuwa ana saratani, aambiwe ni vidonda vya tumbo. Msiwadharau, wanafanya kwa mapenzi. Ila usikubali kusema uongo, wala usiropoke habari isiyo yako kuitoa. Mgonjwa akikuuliza, muulize naye: "Wewe unafikiri ni nini?" Wengi wanajua. Kisha mletee daktari, na jamaa wakae pamoja naye.

Nimalizie kwa muuguzi wa mji huu, Ye Xin. Alikuwa muuguzi kiongozi wa idara ya dharura katika tawi la Ersha la Hospitali ya Tiba ya Jadi ya Kichina ya Mkoa wa Guangdong. Maradhi ya SARS yalianza Foshan, jirani na hapa, Novemba 2002, na mwanzoni mwa 2003 wagonjwa wakajaa hospitali za Guangzhou. Kazi za hatari zaidi, kama kunyonya makohozi ya waliolemewa, alizichukua yeye ili vijana wake wasikaribie. Husimuliwa kwamba kila asubuhi aliwapa wenzake dawa za kinga na kuwasimamia mpaka wameze, na kwamba alipougua mwenyewe na kutengwa alipiga simu idarani kukumbusha kuwa mgonjwa wa kitanda cha tisa, aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia, aangaliwe sana ngozi. Akafariki tarehe 25 Machi 2003, na mwaka huohuo akatunukiwa nishani ya Florence Nightingale. Hadi SARS inakwisha, watu 8,098 walikuwa wameugua duniani na 774 wamekufa, na wahudumu wa afya walikuwa wengi miongoni mwa walioambukizwa.

Wakubwa wanapenda kumtaja Ye Xin kwa namna alivyokufa. Jihadharini na msemaji anayewasifia mashujaa huku stoo yake haina glavu. Muuguzi aliyekufa hatoi dawa ya saa kumi na mbili, na wito wa kazi haukuondolei haki ya kudai barakoa. Dai kwa maandishi, na ubaki na nakala. Mimi namtaja kwa ile simu. Mgonjwa, kajaa homa, na bado anawaza ngozi ya mtu mwengine itachubuka wapi. Huo ndio uuguzi, na hauhitaji msiba kuufanya.

Basi wanangu, aliyeniuliza kazi hii ina nini zaidi ya kutumwa, jibu langu ni hili: ina kuuliza. Leo usiku ukiingia zamu, soma lebo mara mbili, mwache mgonjwa ajitaje jina, mgeuze asiyeweza kujigeuza, na ukiwa na shaka, usichome mpaka umeuliza. Mola awape nguvu, na awalipe pale mshahara unaposhindwa.