Subira ya Mfumaji

Wengi huamini kwamba kufuma ni kazi ya wenye subira. Aliyeiacha skafu yake nusu hujitetea kuwa hakujaliwa subira, na wanaomsikia humkubalia. Naona hapo matokeo yamepewa nafasi ya sababu. Subira ya mfumaji huletwa na kazi yenyewe, kwa kuwa ugumu wake huongezeka kidogo kidogo. Asiyekuwa nayo leo hana udhuru wa kutoanza.

Tazama kazi inavyokwenda. Mfumaji ana kitanzi cha mbele na cha nyuma, basi; na hata hivyo viwili ni kitanzi kimoja kinachoonekana kutoka pande mbili. Kola ya sweta ya shule na misokoto mizito ya sweta za baridi hutokana na kuvipanga na kuvipishanisha hivyo tu. Anayeanza na skafu huenda na kurudi katika upana uleule. Akihamia kwenye kofia hujifunza kupunguza vitanzi ili utosi ujifunge. Kwenye soksi hukutana na kisigino: hugeuza kazi kabla mstari haujaisha, akaacha vitanzi vya pembeni vikingoja kwenye sindano, kisha huvirudia kimoja kimoja mpaka kitambaa kijipinde na kupata nafasi ya kukaa kisigino. Sasa kitanzi kimoja kichopoke. Vya chini yake hufumuka kwa zamu na kuacha ngazi ya nyuzi tupu. Mwanafunzi hushtuka, huvuta uzi, hufumua kazi ya jioni nzima. Mzoefu huchukua sindano ya ndoano, hukinasa kitanzi kilichosalia chini, hupanda nacho daraja kwa daraja hadi juu. Kosa ni lilelile. Huyu wa pili ametulia kwa kuwa anajua hasara inaishia wapi, na ujuzi huo aliupata katika kazi ndogo, ambako hasara nayo ilikuwa ndogo.

Mtu atauliza: atafumaje kwa subira asiyekuwa na subira? Aristotle aliikabili hoja hii alipofundisha kwamba tunakuwa waadilifu kwa kutenda uadilifu. Alijibu kwamba mtu anaweza kuandika sentensi sahihi kwa kubahatisha au kwa kuelekezwa na mwingine, kabla hajaijua sarufi. Ndivyo ilivyo kwa mfumaji mchanga: utulivu wa mwanzo ni wa aliyekaa kando yake, anayemwambia asivute uzi. Wapo pia wanaosema ni kipaji. Lakini kipaji tunakihukumu kwa kazi zilizokamilika, maana ndizo zinazotunzwa. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vya kufumwa vinavyojulikana ni soksi za pamba kutoka Misri ya zama za Waislamu, za rangi ya bluu na nyeupe, zenye mapambo ya ustadi mkubwa. Vitambaa vilivyopinda vya waliokuwa wakijifunza havikuwekwa na mtu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba subira hiyo huenda isivuke nje ya sindano: mtu anaweza kufuma kwa utulivu huku akimfokea mwanawe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa mwandishi wa hati: anayetaka hati nzuri huiga mkono wa bingwa mpaka uzuri huo uwe tabia yake. Kwa Ghazali, moyo na viungo huathiriana kwa mzunguko. Namwamini, ila si kwa upana ambao wengine wangependa. Utulivu wa mfumaji umesimama juu ya kuujua uzi, na mtoto si uzi: hafumuliwi akaanzwa upya. Kinachoweza kuvuka kutoka sindano hadi nyumbani ni mazoea ya kulitazama kosa mpaka mwisho wake uonekane, kabla mkono haujavuta. Hayo nayo yatadai mazoezi yake huko nyumbani, kuanzia kikombe kilichovunjika na daftari lililosahaulika, kabla ya siku ya jambo kubwa.