Ulimi Mzito Mbele ya Jopo

Wapendwa vijana, leo naomba tuongee kuhusu mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kimyakimya: hofu ya kuongea Kiingereza kwenye usaili wa kazi.

Nina marafiki ambao mtihani wa kuandika wanaufaulu vizuri tu, ila wakiitwa mahojiano ya ana kwa ana, usingizi unakata. Kazi wanaijua. Lakini jopo likishasema "jieleze kwa Kiingereza", kichwa kinafunga. Mmoja wao ameacha kabisa kutuma maombi. Aliniambia, "Frateri, najua nitaaibika tu. Kwa nini nipoteze nauli?"

Tuanze na ukweli. Wengi wetu Tanzania tumesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza tukakuta hisabati, baiolojia na historia vyote vimegeuka Kiingereza. Nyumbani Kiswahili, mtaani Kiswahili, na hata mwalimu akitaka tuelewe kweli alikuwa anarudi kwenye Kiswahili. Kwa hiyo tuna Kiingereza cha kusomea na kuandikia mtihani, ila cha kuongea hatujakizoea. Huo si ujinga, ni mazoezi yaliyokosekana. Kwenye falsafa tulijifunza kwa Aristotle kwamba maneno ni ishara za mawazo, na ishara hizo hutofautiana kati ya watu na watu. Unaweza kuwa na wazo zima kabisa, ukakosa ishara yake tu. Ukichanganya hayo mawili, utajidharau bure.

Sasa fungua Kutoka 4:10-16. Musa anatumwa kwa Farao, na utetezi wake ni ulimi: yeye si msemaji, kinywa chake ni kizito. Mungu anamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa, kisha anaahidi kuwa pamoja naye. Tazama vizuri hapo: hatusomi kwamba uzito ule uliondolewa palepale. Tena hasira ya Mungu haikuwaka kwa sababu ya ulimi mzito. Iliwaka pale Musa alipoomba atumwe mtu mwingine. Na hata katika hasira hiyo, Mungu alimpa msaidizi, ndugu yake Haruni. Rafiki yangu, ulimi mzito si dhambi. Lakini usikubali hofu ikujibie wito kabla hujaenda.

Kanisa nalo lina shahidi wake, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, mtoto wa mkulima kutoka Dardilly, Ufaransa. Masomo ya upadre yalikuwa kwa Kilatini, na Kilatini kilimtesa. Watahini walipomuuliza kwa lugha hiyo, alishindwa kujibu. Padre Balley, aliyekuwa akimfundisha, hakumkatia tamaa. Alimwombea nafasi ya kuulizwa tena kwa Kifaransa, na safari hii majibu yake yaliridhisha. Akapewa upadre mwaka 1815, na mwaka 1929 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa maparoko. Yaani mawazo yalikuwepo muda wote!

Lakini tusidanganyane. Jopo letu mara nyingi halitabadilisha lugha kwa ajili yako. Na Vianney hakukaa akisubiri muujiza, alikazana na Kilatini kilekile. Novena kwa Mtakatifu Yosefu ni njema sana, ila sali huku unafanya mazoezi.

Tafuta Haruni wako. Mtu mmoja, dakika 20 kila jioni, akuulize na wewe ujibu kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hakufungui ulimi. Mnaweza kufanya hivyo hata baada ya kikao cha VIWAWA.

Andaa habari tatu au nne za kweli: ulichosoma, kazi uliyowahi kufanya, tatizo ulilowahi kulitatua. Usikariri neno kwa neno, maana likipotea moja yote yanaporomoka. Shika mpangilio.

Tumia sentensi fupi. "Yeye" wetu habagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ukiwachanganya kwa Kiingereza, jisahihishe na uendelee. Swali hujalielewa? Omba kwa heshima lirudiwe. Na lafudhi isikutishe. Petro alitambulika kwa msemo wake wa Kigalilaya (Mt 26:73), na bado ndiye aliyesimama kuhubiri siku ya Pentekoste.

Jingine: kwenye wasifu wako usiandike kwamba unakimudu Kiingereza kikamilifu kama sivyo. Ukiingia chumbani na uongo mfukoni, hofu inakuwa mara mbili: ya lugha, na ya kuumbuka.

Na wewe uliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, tafadhali usicheke mwenzako anapokosea. Kicheko chako kinaweza kumfunga mdomo kwa miaka. Ulichopewa, kigawe. Kuwa Haruni wa mtu.

Unaweza kufanya haya yote na bado ukakosa kazi. Inauma, na nisingependa kukuambia haiumi. Lakini jopo linapima nafasi moja ya kazi, halipimi thamani yako. Thamani hiyo ilishapigwa muhuri siku ya ubatizo wako, na hakuna aliyekuuliza kwa lugha gani.

Tuombe: Ee Bwana, uliyeumba kinywa na kusikia hata kigugumizi chetu, kaa nasi tunapoitwa kujieleza. Utupe bidii ya kujifunza, utulivu wa kujibu, na ndugu wa kututia moyo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.