Dola Huanguka kwa Kosa la Nani?

Wanafunzi wangu wa darsa ya jioni huniuliza: ikiwa Mungu ndiye mpaji wa ufalme, mbona aliiacha Baghdad ichinjwe na jeshi la Wamongolia la Hulagu mwaka 1258? Siwaambii ni kudura nikafunga kitabu. Nawapeleka kwa Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika kitabu cha Muqaddimah mwaka 1377. Kwake, dola ina umri kama binadamu: vizazi vitatu, takriban miaka 120. Babu hujenga kwa jasho na mshikamano wa ukoo. Mwana huiga aliyoyaona. Mjukuu huzaliwa katika hariri, hulindwa na askari wa kukodi, na kodi hupandishwa kulipia anasa. Mkulima naye huacha jembe.

Bani Abbasi, makhalifa wa Baghdad, walidumu miaka 500, kweli, lakini mwaka 945 Baghdad iliangukia mikononi mwa wababe wa ukoo wa Buwayh.

Ibn Khaldun alikuwa kadhi, mtu wa sala, na kutafuta sababu hakukumpunguzia imani. Kumsingizia Mungu dhuluma za watawala ni kumkosea adabu. Vijana, chunguzeni kwanza kodi ilitozwaje na ilitumiwaje, kabla hamjamuuliza Mola.