Aliyebeba Mimba Ndiye Abebe Lawama?

Ifikapo Julai, ukungu wa Nyandarua huteremka hadi kwenye mashamba ya chai ya Kangari, huko Kigumo katika kaunti ya Murang'a, na vifua vya watoto huanza kukorota. Mama anayeingia kliniki na mtoto mgongoni hupata maswali kabla hajamfikia muuguzi. Mbona hukumvika sweta? Ulimwogesha jioni? Mtoto mwenyewe anahangaika na pumzi. Kila akiivuta, ngozi iliyo kati ya mbavu hubonyea ndani, mianzi ya pua hutanuka, na hewa inapotoka hupiga mluzi mwembamba. Ni pumu. Kwa watoto wengine ilitanguliwa na ukurutu, ile ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na magoti.

Sayansi imeongeza swali jingine, zito kuliko la sweta: wakati wa mimba, mama huyu moyo wake ulikuwaje?

Mwaka 2016, watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 10 na kuona kwamba watoto wa kina mama waliokuwa na msongo mkubwa wa mawazo wakiwa wajawazito walipatwa zaidi na pumu au kifua cha kukorota. Afrika nayo imechangia. Huko Paarl, Afrika Kusini, mradi wa Drakenstein umefuatilia zaidi ya watoto 1,000 na mama zao tangu 2012, na humo kifua cha kukorota kinachojirudia kilihusishwa na dhiki ya mama baada ya kujifungua, na vilevile na kipigo cha mume au mpenzi. Maelezo yanayotolewa kuhusu wakati wa mimba ni kwamba mwili wenye hofu humwaga homoni ya kotisoli. Kondo la nyuma humkinga mtoto kwa kuivunja sehemu kubwa yake, lakini ulinzi huo una kikomo; kotisoli ikipenya, kinga ya mwili wa mtoto inaweza kujifunza mapema mno kupigana na vitu visivyo na madhara, kama chavua au vumbi la godoro.

Matokeo haya yasivutwe kupita kiasi. Wengi waliozaliwa na mama wenye huzuni wanapumua vizuri kabisa, na pumu ina njia nyingine za kuingia nyumbani: damu ya ukoo, moshi wa kuni, sigara, unyevu wa kuta. Isitoshe, mambo huenda pande zote mbili. Mama anayekesha akimshikilia mtoto wima ili apumue, usiku baada ya usiku, atazama kwenye huzuni hata kama alijifungua akiwa na furaha tele.

Hapo ndipo imani inapoguswa. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamponya. Makanisa ya Murang'a husoma sura hiyo, lakini swali la wanafunzi bado lina nguvu kuliko jibu lake. Hatari iliyopo ni kwamba utafiti utawapa watu ushahidi mpya wa kuuliza swali lilelile la kale.

Wakikuyu wa zamani walilifikiria jambo hili kwa namna inayostahili heshima. C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu imani zao mwaka 1922, alieleza kwa kirefu habari ya thahu, unajisi ulioweza kumletea mtu ugonjwa. Thahu haikusubiri mtu akusudie ubaya. Kugusa maiti tu kulitosha. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake, na wanawake waliuonja. Hata hivyo, ulikuwa na jambo moja ambalo maabara haina: thahu ikishatambuliwa, mganga, yaani mundu mugo, aliitwa, mnyama akachinjwa, na watu wa nyumbani wakahusika katika kumtakasa mgonjwa. Mama wa leo huambiwa chanzo, kisha huachwa nacho peke yake.

Mfano wa Quebec unaonyesha kwa nini kumlaumu ni dhuluma. Januari 1998, dhoruba ya barafu ilikata umeme katika jimbo hilo la Kanada, nyumba nyingine zikakaa gizani kwa wiki kadhaa. Kundi la mtafiti Suzanne King lilifuatilia wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo. Baadaye, mabinti wa wale walioathirika zaidi walionekana kupata pumu zaidi. Nani awalaumu mama hao kwa barafu?

Murang'a ilikuwa na dhoruba yake, na hiyo iliundwa na watu. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1 wa eneo la Mlima Kenya na kuwafungia katika vijiji vya hali ya hatari, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki kwenye ukingo wa msitu. Wajawazito walikuwemo. Ikiwa dhiki hupenya hadi kwenye mapafu ya mtoto, basi wa kujibu ni waliowachimbisha.

Dhiki ya leo nayo ina wenyewe. Huko milimani, mwanamke huchuma majani mawili na kichipukizi tangu alfajiri, aproni ya plastiki ikimchuruzika umande, lakini bonasi huingia katika akaunti ya mwenye nambari ya mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura. Hata hivyo, kliniki ya wajawazito hupima uzito, presha, damu na mkojo. Maswali machache kuhusu usingizi, hofu na machozi yangechukua dakika kadhaa tu.

Na makanisa yana mahali pa kuanzia. Desturi ya itega ingali hai: wanawake humtembelea mzazi wakiwa na kuni, unga na sukari. Wakishaweka mizigo chini, wamuulize kama analala, nani anamsaidia kazi, na kama kuna mkono unaompiga. Jibu likiwa baya, aitwe mume, waitwe na wazee wa kanisa, na mama apelekwe kwa muuguzi akiwa na mtu wa kumsindikiza.