Mtu wa Tanga na Jua la Loire

Bonde la mto Loire, katikati ya Ufaransa, lina makasri ya kale yaliyokaribiana kiasi kwamba mtu aweza kulala kila usiku jirani ya kasri jingine, na mchana akaenda kwa miguu kutoka moja hadi jingine, akipita mashamba ya mizabibu. Likizo hiyo inauzwa sana. Kampuni inakutafutia nyumba za wageni, inakupa ramani na kijitabu cha maelekezo, na kila asubuhi gari linachukua sanduku lako na kulitanguliza unakokwenda. Wewe unabaki na begi dogo mgongoni. Kiongozi hakuna. Unaamka utakapo, unapumzika utakapo, wala hakuna wa kukuharakisha. Ila pia hakuna wa kukuambia: leo usiende.

Nataka kuwasimulia yaliyowapata mume na mke, wazaliwa wa Tanga waliohamia kaskazini mwa Uingereza tangu ujana. Mke ndiye aliyenipa kisa hiki, akaniruhusu nikiandike ili wengine wajihadhari, mradi majina niyahifadhi. Basi tuwaite Baba Zuhura na Mama Zuhura. Safari ilikuwa zawadi ya binti yao, baba alipostaafu.

Tusije tukawadharau, kwa sababu hawakuwa wazembe. Baba Zuhura alikuwa na mazoea ya kutembea vilimani karibu kila mwisho wa wiki. Viatu vyao walivivaa mapema nyumbani mpaka vikalainika, wasije wakatoka malengelenge njiani. Soksi za akiba, plasta, koti la mvua, vyote walikuwa navyo. Ningeambiwa mimi nijiandae kwa safari kama ile, nisingefikia nusu ya maandalizi yao, na hilo ndilo linalonifanya nikisimulie kisa chao kwa woga kidogo.

Walianzia mji wa Blois, wakaenda kasri la Chambord. Kasri hilo lilianza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza, na katikati yake pana ngazi mbili zinazojizungusha pamoja, hivyo anayepanda na anayeshuka huonana kupitia vidirisha lakini hawakutani. Mama Zuhura anasema walipanda na kushuka wakichekana kama watoto. Kasri limezungukwa na msitu wa hekta zaidi ya 5,000, nao msitu umezungushiwa ukuta wa kilomita 32. Siku hiyo na ya pili, walipokuwa wakielekea Cheverny, sehemu kubwa ya njia ilipita chini ya miti. Jua lilikuwa kali, ila walilisikia kwa mbali tu. Kivuli kile kiliwapa kipimo cha uongo.

Usiku walipolala Cheverny, mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo, aliwaletea simu yake mezani. Ilionyesha ramani ya Ufaransa, na mkoa waliokuwamo ulipakwa rangi ya machungwa. Idara ya hali ya hewa ya Ufaransa hutangaza tahadhari kwa rangi nne: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Joto liliingizwa katika mpango huo mwaka 2004, baada ya Agosti ya 2003 ambapo joto kali liliua watu wapatao 15,000 nchini humo, wengi wao wazee. Rangi ya machungwa, basi, si ya kupita nayo juu juu. Yule mama aliwashauri waondoke alfajiri, na wakichelewa wasiende kabisa kwa miguu. Njia ya kesho yake, hadi Chaumont, ilikuwa ya zaidi ya kilomita 20, nayo ilipita kwenye mashamba ya wazi.

Baba Zuhura alimshukuru kwa adabu. Walipofika chumbani akacheka. "Mtu wa Tanga leo anafundishwa joto na Mfaransa!"

Mkewe naye alicheka. Nami nakiri kwamba niliposimuliwa, nilicheka kabla sijajua mwisho wake. Nani kati yetu, watu wa pwani, hajawahi kusema maneno kama hayo akiwa ugenini? Tunawaona Wazungu wakihema kwenye nyuzi 30, tunaona ni deko. Kumbe mwili hauna uzalendo. Uzoefu wa joto huupata kwa wiki mbili hivi za kuishi ndani yake, na ukihamia penye baridi huupoteza ndani ya wiki chache. Baba Zuhura alikuwa na miongo mitatu ya baridi mwilini. Tanga ilibaki kwenye usemi wake, na jasho lake lilikuwa limeshajifunza Kiingereza.

Tena, hebu tuseme kweli: huko Tanga kwenyewe, mchana wa Februari, ni nani anayetembea kilomita 20 juani? Watu wako barazani au chini ya mwembe, na mwenye safari ndefu ameshaimaliza kabla jua halijapanda. Wazee wetu hawakuwa na kinga dhidi ya jua. Walikuwa na ratiba.

Na ratiba ndiyo iliyowaponza hawa. Asubuhi yake walitaka kwanza kuona kasri la Cheverny na mbwa wa uwindaji wanaofugwa pale, wapatao mia moja, namna wanavyolishwa pamoja. Kiingilio kimelipwa, kifungua kinywa kimelipwa, nani ataacha? Sanduku lilikwisha chukuliwa mapema. Wakatoka kwenye saa saba mchana, na hesabu ya Baba Zuhura ilikuwa hii: tutavumilia saa mbili tatu, ikifika saa kumi jua litakuwa limeshalegea.

Kwa Tanga hesabu hiyo ni sahihi. Jua la Tanga huwa utosini karibu saa sita na nusu. Lakini Ufaransa wakati wa kiangazi husogeza saa zake mbele, na kwenye bonde la Loire jua hufika utosini karibu na saa nane mchana. Joto huendelea kupanda baada ya hapo, na siku za wimbi la joto kilele chake huwa karibu na saa kumi na moja, wakati ambao kwetu watu wanatoka kwenda kupunga upepo ufukweni. Mzee wa watu alikuwa akitembea kuelekea kwenye moto akidhani anaukimbia.

Watu wengi wakisikia nchi ya mvinyo hudhani hatari yake ni mvinyo. Ni kweli kwamba mwenye kunywa, akionja glasi mbili mchana halafu akaingia juani, anajikausha mwenyewe. Lakini wawili hawa ni Waislamu, hawakugusa kitu. Hatari iliyowakuta ni shamba lenyewe. Mizabibu ya kule hukatwa ikawa mifupi, mingi haimpiti mtu kichwa, na hupangwa kwa mistari iliyonyooka. Mti mkubwa wa kukaa chini yake ni nadra. Ardhi kati ya mistari hurudisha joto usoni. Unaona majani ya kijani kila upande na hupati kivuli cha kuweka hata kofia. Na zabibu usizichume, hata kiu ikikushika: ni mali ya mtu, na mashamba hunyunyiziwa dawa.

Kila mmoja alikuwa na chupa ya lita moja. Walitegemea kununua maji kijijini. Kijiji cha kwanza walikikuta kimefunga madirisha yote, kama kwamba watu wamehama. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo maduka na mikahawa mingi ya vijiji vya Ufaransa hufungwa. Hiyo ilikuwa dalili ya wazi, ya kumfanya mtu akae chini apige simu. Watembeaji wazoefu wa kule wanajua siri moja: makaburini huwa na bomba, na pasipokuwa na kibao kinachokataza, maji yake hunyweka. Mama Zuhura aliliona lango la makaburi. Lakini hakuijua siri hiyo, na mumewe alikuwa ameshatangulia.

Kuanzia hapo dalili ziliongozana. Baba Zuhura alilalamika kichwa. Akaacha mazungumzo. Mkewe alikumbuka baadaye kwamba tangu watoke mumewe hakuwa ameingia kichakani hata mara moja, ingawa anatumia vidonge vya presha vya aina inayokojoza. Sisi tunaomeza dawa kila siku, jamani, ndio wa kujiangalia zaidi: vidonge hivyo hutoa maji mwilini, na kabla ya safari ya joto ni lazima umuulize daktari wako, wala usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Wakafika kwenye njia panda. Njia ndefu za miguu za Ufaransa huwa na alama za rangi, mstari mweupe juu ya mwekundu; na penye njia isiyo yenyewe huchorwa msalaba wa rangi hizo hizo. Msalaba ulikuwa mbele ya macho yao. Baba Zuhura akaufuata. Mkewe alipomwambia, aliwaka kwa hasira, akamjibu maneno ambayo hajawahi kumwambia katika ndoa yao. Mama Zuhura alinyamaza kwa heshima, akamfuata nyuma.

Alipofika hapa katika kusimulia, alirudia mara mbili: "Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaumwa."

Naomba tukae hapa kidogo. Mtu mpole akigeuka mkali juani bila sababu, mtu hodari akishindwa kusoma alama ambayo hata mtoto angeisoma, akijikwaa, akisikia baridi na vipele vya baridi vimemtoka huku kunaungua, huyo si wa kubishana naye wala wa kumnyamazia. Ubongo wake umeanza kupata joto. Katika hali hiyo mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba ni mgonjwa, kwa hiyo uamuzi umtoke mkononi, hata kama ni mume, hata kama ni baba.

Bado walipewa nafasi moja. Mkulima mwenye trekta alisimama, akaonyesha kwa mkono kwamba atawapeleka mbele. Baba Zuhura akakataa. Wamekuja kutembea, akasema, na sanduku liko Chaumont linawasubiri. Nimelifikiria sana jibu hilo. Sanduku lililotangulia lina amri kuliko mwenye nalo: nguo ziko huko, dawa ziko huko, kitanda kimelipiwa huko, na kurudi nyuma kunaonekana kama hasara. Tungekuwa na mizigo yetu mgongoni, wengi wetu tungelala popote.

Alianguka muda mfupi baadaye, mahali pasipo na mti. Mama Zuhura alipiga 112, namba ya dharura ya Ulaya nzima, simu ikiwa na chaji ya mwisho mwisho kwa sababu ramani ilikuwa ikifanya kazi tangu asubuhi. Aliweza kumsomea mhudumu tarakimu za mahali walipo. Aliambiwa amvue shati, ammwagie maji yaliyobaki mwilini, ampepee, na asimnyweshe kitu maadamu hana fahamu kamili. Alimfunika kivuli kwa khanga yake akaendelea kupepea kwa kile kijitabu cha maelekezo. Kikosi cha zimamoto, ambacho kule hubeba pia wagonjwa, kilimpeleka hospitali. Joto la mwili lilikuwa limepita nyuzi 40. Alipona, alhamdulillahi, ingawa figo zilimsumbua kwa muda, na makasri ya Amboise na Chenonceau hawakuyaona.

Kuna aliyeniuliza, si wangeshuka tu mtoni wajitose wapoe? Huo ungekuwa msiba juu ya msiba. Loire huonekana wakati wa kiangazi kama mto uliochoka, maji machache na visiwa vya mchanga mweupe. Mchanga ule huhama na hubomoka chini ya miguu, na kando yake pana mashimo na mikondo. Julai 1969, huko Juigné-sur-Loire karibu na Angers, watoto 19 walikufa maji katika mto huo. Sehemu nyingi kuoga kumepigwa marufuku, na vibao vimewekwa. Ukiwa na joto, tafuta kanisa. Makanisa ya mawe ya vijijini, yale yanayoachwa wazi, huwa na ubaridi kama kisima, na hakuna atakayekuuliza dini yako ukikaa kimya kwenye benchi.

Wanaotaka kwenda, waende, ni nchi nzuri. Wachague Mei au Septemba. Wakiamua Julai, wamwombe mwenye nyumba awafungie chakula cha kubeba badala ya kifungua kinywa, watoke kungali na umande, kasri walione baada ya kufika wala si kabla ya kuondoka. Dawa zikae kwenye begi la mgongoni. Maji yawe lita mbili au tatu kwa kila mtu, na bomba la makaburini lisipitwe. Na kabla ya kuondoka nyumbani wawili wakubaliane kwamba mmoja akisema basi, ni basi, pasiwe na mjadala njiani.

Mama Zuhura aligundua jambo jingine akiwa hospitalini, alipokifungua kile kijitabu alichopepelea. Lile gari lililochukua sanduku lao asubuhi lilikuwa la teksi, na lilikwenda Chaumont na viti vitupu. Dereva huwachukua pia watembeaji waliochoka, saa yoyote ya mchana, kwa nauli ya kawaida. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza.