Furaha Isiyongoja Korosho



Mwaka wa korosho mbaya, nyuso hubadilika makanisani mwetu. Wengine husema, "Mungu ametusahau." Hatuwacheki, njaa si mzaha, na sisi nasi tumewahi kusema hivyo, ingawa kwa sauti ya chini.

Lakini tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Walikuwa wakielekea upande wa Nyasa, wakaona hapa ni pema, wakakaa. Hawakuwa na ukoo hapa, wala kaburi la babu. Wakalima, wakajenga, wakasali. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakawavamia: nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu fikirini, mtu amekwisha kombolewa, anafungwa kamba tena! Padre Maples akahamishia kazi Newala. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ikachomwa. Ikajengwa tena.

Furaha yao ilikuwa ya namna gani? Si ya ghala kujaa. Walijua ni wa nani. Jina walilopewa katika maji ya ubatizo, mvamizi hakuweza kulichukua. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wafilipi habari za furaha akiwa kifungoni.

Basi Jumapili ijayo tuje, mwenye korosho na asiye nazo. Na yule jirani anayebaki nyumbani kwa aibu ya kuja mikono mitupu, tunamjua, tumpitie njiani.