Chupa za Sadaka: Je, Nia Njema Yatosha?



Katika ukame ulioikumba kaskazini-mashariki ya Kenya mwaka wa 2022, sisi wa darasa hili tulichanga sadaka kwa ajili ya watu wa Hadado, upande wa magharibi ya Wajir. Tulipeleka mchele, tende, mafuta na nguo. Na kwa kuwa tulisikia ya kwamba akina mama wa huko wamedhoofika, tulitia pia katoni za chupa za kunyonyeshea watoto na mikebe ya maziwa ya unga. Lori lilipoondoka Mombasa kushika njia ya Garissa, lau tungeliulizwa ni kitu gani kilicho bora katika mzigo ule, wengi wetu tungelijibu: ni zile chupa.

Baadaye mmoja wetu alifika Hadado, akamkuta mama mwenye mtoto wa miezi mitano, amekonda, ndiyo kwanza apate nafuu ya kuharisha. Chupa iliyokuwa karibu naye ilikuwa yetu. Mwuguzi alikwisha mwambia aiwache, amrudishe mtoto titini, na akihitaji kumpa chochote kingine ampe kwa kikombe. Mama alisita, na hujja yake ilikuwa hii: "Sheikh, kitu hiki kimetoka kwa watu wa msikiti. Nitakitupaje?"

Wala yeye na mumewe hawakupokea chupa ile kwa upumbavu. Walikaa wakapima. Walimwona mtoto akilia, wakadhani maziwa ya mama yamekatika kwa njaa. Wakaiona chupa ni mpya, imefungwa vizuri, na waliyoileta ni watu wenye elimu. Mzazi afanye nini zaidi ya hayo? Walipima kwa mizani waliyokuwa nayo, na jiwe zito katika mizani ile lilikuwa ni jina letu.

Basi hapa ndipo penye swali. Hadithi ya nia yajulikana na kila mtoto wa chuoni, nasi twaiamini. Lakini je, nia yamwondolea mtu wajibu wa kuuliza? Mtume (s.a.w.) amemjaalia mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba kuwa ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta; wala hakusema kwamba akiwa na huruma husamehewa dhamana. Sisi tulikuwa matabibu wa namna hiyo. Tuliagiza dawa kwa mtoto tusiyemwona, wala hatukumwuliza hata mwuguzi mmoja.

Na lau tungeliuliza, tungeliambiwa mambo mepesi kufahamika. Maziwa ya unga, hata mkebe ukiwa haujafunguliwa, huweza kuwa na vijidudu. Kwa hivyo Shirika la Afya Duniani lataka yakorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo moto wake haujashuka chini ya digrii 70, na chupa na chuchu yake vioshwe na kuchemshwa kila mara. Mtoto mchanga hula mara nane au zaidi kwa siku. Hesabu basi, ewe msomaji uliye na bomba na jiko la gesi jikoni mwako: ni maji kiasi gani, na kuni mizigo mingapi, kwa mwanamke achotaye maji kwa madumu wakati wa ukame? Kikombe cha wazi huoshwa kikatakata. Chuchu ya mpira ina pembe na tundu ambamo maziwa hukaa yakaoza.

Watu wa Hadado ni wafugaji, na vyombo vyao vya maziwa huvifukiza kwa moshi wa miti wanayoijua, kama sisi tufukizavyo nguo kwa udi, ili maziwa yasiharibike upesi. Chombo kile kilikuja pamoja na elimu yake, bibi akimrithisha mjukuu. Chupa yetu ilikuja peke yake.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Titi hutoa maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akishibishwa kwa chupa, titi nalo hupunguza. Na mama mwenye njaa aghlabu huweza kunyonyesha. Ahitajiye chakula ni yeye. Twasoma katika Suratul Baqara, aya ya 233, kutajwa kwa miaka miwili kamili, na kushauriana kwa wazazi wawili katika kumwachisha mtoto. Lakini katikati yake mna wajibu wa baba kumlisha na kumvisha mama, na hapo ndipo tulipopita mbio. Kumbe gunia la mchele, tulilolidharau, ndilo lililokuwa maziwa ya mtoto!

Ulimwengu umekwisha gombana juu ya jambo hili. Mwaka wa 1981 mkutano wa Shirika la Afya ulipitisha kanuni za kuzuia kuyatangaza maziwa ya unga na chupa kwa umma, kwa kura 118, na Marekani peke yake ikapinga. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka wa 2012. Tena waongozao misaada wakati wa maafa husema wazi kuwa vitu hivi visitolewe sadaka ovyo. Yatima au mtoto wa mama mgonjwa hutafutiwa njia yake chini ya macho ya mwuguzi. Wafanya biashara walilaumiwa, na kwa haki. Lakini sisi hatukudanganywa na tangazo lolote. Tulijidanganya wenyewe.

Yule mwenzetu alimjibu mama: "Itupe, mama. Waliokuletea ndio waliokosa." Akaitupa mbele yake.

Zimesalia katoni mbili katika ghala yetu. Baadhi yetu wasema ziuzwe hapa mjini, palipo na maji, na thamani yake inunue unga na maharage ya akina mama wa Hadado. Wengine wasema haifai kumwuzia jirani kitu tulichojuta kumpa mgeni. Sisi tunaoandika haya twaona ziharibiwe, na thamani yake tuitoe mifukoni mwetu. Shauri litaamuliwa Alhamisi baada ya sala ya Isha, na safari hii tumemwita mkunga aje aseme kwanza.